Alikuwa na Pa Kwenda? Kusoma Upya "Nafasi ya Mwanamke" Katika Hadithi za Ndoa

Fungua desa lolote la fasihi ya Kiswahili, liwe la kidato cha nne au la hapa chuoni, halafu tafuta kichwa kinachosema "Nafasi ya mwanamke". Hukikosi. Chini yake kuna orodha: mwanamke amechorwa kama mama na mlezi, mwanamke amechorwa kama chombo cha starehe, mwanamke amechorwa kama mtu mwenye tamaa ya mali, mwanamke amechorwa kama mwanamapinduzi. Kila nukta imebandikwa jina la mhusika mmoja, basi. Orodha hiyo tumeikariri, tumeijibia mtihani, alama tumepata. Na sisi tunaosomea ualimu, mwakani tutaenda kuiandika ubaoni kama tulivyoandikiwa.

Mimi nadhani orodha hiyo inaficha jambo kubwa kuliko yanayosemwa ndani yake. Inampa mwanamke jina kabla ya kuuliza alikuwa na uwezo wa kufanya nini. Kwa hiyo katika makala hii nitachukua hadithi mbili fupi zinazojulikana duniani na riwaya chache ambazo wengi wetu tumezisoma, zote zikihusu mwanamke na ndoa, na kila mhusika nitamuuliza swali moja tu: alipotaka kuondoka, alikuwa na pa kwenda?

Saa moja ya Louise

Hadithi ya kwanza ni "The Story of an Hour" ya Kate Chopin wa Marekani, ya mwaka 1894. Ni fupi kiasi kwamba unaweza kuimaliza ukiwa kwenye foleni ya daladala. Louise Mallard ana ugonjwa wa moyo. Dada yake anamwambia, kwa kuzungukazunguka, kwamba mumewe amekufa kwenye ajali ya treni. Louise analia sana. Kisha anapanda chumbani peke yake, anakaa kwenye kiti mbele ya dirisha lililo wazi. Na hapo linatokea jambo ambalo hata yeye hakulitegemea: anaanza kuiona miaka iliyo mbele yake, na anagundua kwamba miaka hiyo itakuwa yake mwenyewe. Hakuna atakayemwamulia. Baadaye anashuka ngazi na dada yake. Mlango wa mbele unafunguliwa, mume anaingia, mzima, hana hata habari kwamba kulikuwa na ajali. Louise anakufa palepale. Madaktari wanasema ameuawa na furaha.

Cha kuangalia hapa ni kwamba Chopin hakumchora mume kuwa mkatili. Hampigi mkewe, hamtukani. Louise mwenyewe anakiri moyoni kwamba mume huyo alimpenda, na yeye pia kuna siku alimpenda. Tatizo liko kwingine: katika nyumba ile neno la mwisho halikuwa lake hata siku moja.

Nilipokuwa kwenye TP katika shule moja ya kata huko Mbagala, niliwasimulia kidato cha tatu hadithi hii kwa Kiswahili. Kilikuwa kipindi cha mwisho, joto limeshika bati, wanafunzi zaidi ya sabini. Kijana mmoja akasimama: "Madam, huyo mama hana shukrani. Mume hampigi, hela ya matumizi anaacha, sasa alikuwa anataka nini tena?" Nusu ya darasa wakapiga makofi. Msichana mmoja wa dawati la nyuma, ambaye kwa wiki mbili hakuwahi kunyoosha mkono, akajibu bila kusimama: "Anataka kuulizwa." Makofi yakakatika. Halafu mwingine, mtoto wa mama ntilie na mtu wa hesabu kwelikweli, akauliza: "Haya, tuseme asingekufa, na mume ndiyo kafa kweli. Kodi ya miezi sita angelipa na nini?"

Darasa zima lilicheka. Lakini ukitulia utaona kwamba wale watatu wamegawana mjadala wote wa ndoa na uhuru. Wa kwanza anapima ndoa kwa vipigo na matumizi. Wa pili anaipima kwa uamuzi. Wa tatu anauliza uhuru unakula nini na unalala wapi. Kate Chopin mwenyewe angemwelewa huyu wa tatu. Mumewe alifariki mwaka 1882 akamwachia watoto sita na madeni, na kazi ya uandishi ilikuja baada ya hapo. Alijua kwamba ujane haushi kwa saa moja.

Oganda alidhani ni posa

Hadithi ya pili ni ya jirani zetu. Grace Ogot wa Kenya aliandika "The Rain Came", hadithi iliyomo katika mkusanyiko wake wa mwaka 1968 uitwao Land Without Thunder. Ukame umeua mifugo, na mganga wa mvua amesema lazima binti wa mtemi, Oganda, atolewe kwa dubwana la ziwani. Mtemi Labong'o ana watoto wengi wa kiume, binti ni huyo mmoja. Analia, lakini anakubali.

Wakati wakubwa wanakutana ndani kulijadili jambo hilo, Oganda yuko nje. Anajua anazungumziwa yeye. Anadhani wanajadili ndoa yake, anaanza kuwapitia vijana mmoja mmoja kichwani, huyu simtaki, huyu mfupi, huyu ndiye. Kumbe wanapanga kifo chake.

Sehemu hiyo inatisha kwa sababu Oganda hakuwa mjinga. Kwa desturi aliyoijua, mambo yote mawili yanaanza vilevile: wakubwa wanajifungia, msichana anasubiri nje, baadaye anaitwa kuambiwa kilichoamuliwa. Kisha anapakwa mafuta, anaimbiwa, anasindikizwa, anaambiwa ni heshima kubwa kwa ukoo. Ukiondoa ziwa na dubwana, umebaki na harusi. Ogot haisemi ndoa kuwa ni mbaya, na mimi sisemi. Sisi tuliokulia Temeke tumeona mwali akichezwa, tumeona shangwe, na tumeona wengi wakiishi vizuri na waume zao. Ila Ogot anatuonyesha kwamba shangwe siyo ushahidi wa ridhaa. Watu wanaweza kukushangilia sana kwa jambo ambalo hukuulizwa.

Oganda anaokoka. Osinda, kijana aliyempenda, anamfuata kwa siri hadi ziwani akiwa na vazi la majani la kuwakinga, na wanakimbia pamoja. Na mvua inanyesha. Alikuwa na pa kwenda kwa sababu kuna mtu alikuja. Asingekuja, Oganda angejitosa majini kwa utiifu wake wote, na ukoo ungemwita binti mwema.

Rosa na Maimuna

Sasa turudi kwa waandishi wetu. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971. Wakati fulani ilipigwa marufuku shuleni, baadaye ikarudi na kuwa kitabu cha kusomwa. Rosa anatoka Namagondo, Ukerewe, kijiji alikozaliwa mwandishi mwenyewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na ni mkali. Siku anapokamata barua ya Charles, kijana anayempenda Rosa, anampiga binti yake kipigo cha aibu. Rosa anakua akijua kwamba mwanamume ni hatari, lakini hakuna aliyekaa naye kumweleza chochote zaidi ya hapo. Akifika sekondari, na baadaye chuo cha ualimu Morogoro, wanaume wenye vyeo wanamkuta hana kinga yoyote. Mwisho anatulia, anataka kuolewa na Charles yuleyule wa zamani. Charles anataka bikira. Rosa anajiua.

Madesa yanasema nini kuhusu Rosa? "Amechorwa kama chombo cha starehe." Jamani! Msichana huyu alikuwa mwanachuo wa ualimu, mwenzetu kabisa. Hebu tumuulize lile swali letu. Nyumbani kuna fimbo ya baba. Chuoni kuna mkubwa wa chuo anayemtaka. Kwenye ndoa kuna Charles na sharti lake. Milango mitatu, na kila mmoja mwenye ufunguo ni mwanamume. Rosa alikuwa na elimu na kazi, lakini hakuna hata mtu mmoja ambaye angeweza kumwendea na aibu yake akapokelewa. Kwa hiyo ninapomsoma namwona mtu aliyekosa pa kufikia, na lile jina la desa halinisaidii kumwelewa.

Maimuna wa Utengano (1980), riwaya ya Said Ahmed Mohamed wa Zanzibar, ni ndugu yake Rosa. Baba yake, Bwana Maksuudi, ni mtu mzito mjini, na nyumbani kwake amemfungia ndani mkewe Tamima pamoja na binti. Tamima anaposhikwa na uchungu wa kuzaa, mkunga anaingizwa ndani bila idhini ya bwana mwenye nyumba. Kwa kosa hilo Tamima anapigwa na kuachwa. Maimuna anatoroka, lakini anayemsaidia, Bi Farashuu, ana kisasi chake na Maksuudi, na njia ile inamfikisha Maimuna kwenye danguro la Mama Jeni. Mlango ulifunguliwa kweli. Tatizo ni ulikoelekea.

Walimu wengine wanatumia hadithi hizi mbili kufundisha kwamba binti akipewa uhuru anaharibika. Mimi nasoma kinyume chake. Kezilahabi na Said Ahmed Mohamed wanaonyesha binti aliyenyimwa uhuru kwa miaka yote, halafu akatupwa nje siku moja bila mazoezi, bila mtu, bila senti.

Chumba cha Mwajuma

Linganisha na Yasmin wa Vuta N'kuvute, riwaya ya Adam Shafi ambayo Amil Shivji aliifanyia filamu mwaka 2021. Yasmin anaozwa angali mdogo kwa Bwana Raza, mtu wa umri wa kumzaa. Anamtoroka. Ndugu zake wanamfungia mlango. Kwa hesabu za Rosa na Maimuna, huyu naye alipaswa kuangamia. Lakini Ng'ambo kuna Mwajuma, mwanamke wa maisha ya kawaida tu, mwenye chumba chake. Anamwambia karibu. Kutoka kwenye chumba hicho Yasmin anaimba, anapenda, anaingia kwenye harakati za kudai uhuru wa nchi, anakosea na kuanza upya. Anaishi.

Sekai wa Takadini, kitabu tulichokisoma wengi O-level, ni hivyohivyo. Amezaa mtoto mwenye ualbino, na mila inataka mtoto huyo auawe. Anamwacha mumewe Makwati usiku na kushika njia. Ujasiri anao, lakini ujasiri ungeishia porini kama mzee Chivero asingempokea kijijini kwake.

Wapange sasa wote pamoja: Louise, Oganda, Rosa, Maimuna, Yasmin, Sekai. Ukiwapanga kwa tabia, waliookoka hawakuwa watiifu kuliko wengine. Yasmin ameasi kuliko Rosa. Sekai amevunja mila nzito kuliko Maimuna. Ukiwapanga kwa swali la pa kwenda, picha inakaa sawa: aliyepokelewa na mtu asiyetaka kumtumia ameishi, na aliyekosa ameangamia au ametumiwa.

Mwaka 1971 ulikuwa na vitabu viwili

Mwaka uleule ambao Rosa alichapwa, Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ndoa ya 1971. Navipenda vitu hivi viwili vikisomwa pamoja, kwa sababu sheria ile inajibu, kwa lugha kavu, mambo ambayo riwaya inayalilia. Inasema ndoa haifungwi bila ridhaa ya hiari ya wote wawili. Inasema mke anaweza kumiliki mali yake mwenyewe. Inasema hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzi wake. Kwa wakati wake ilikuwa sheria ya mbele.

Lakini sheria hiyohiyo iliweka umri wa kuoa kwa mwanamume kuwa miaka 18 na wa kuolewa kwa msichana kuwa 15 kwa idhini ya mzazi, na mahakama ingeweza kuruhusu hata aliyefikisha 14. Ilichukua miaka 45 mpaka mwanasheria Rebeca Gyumi alipoipeleka hoja hiyo mahakamani. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo. Msichana wa miaka 15 anaambiwa ametoa ridhaa. Sawa, angekataa angekwenda wapi?

Kuna kesi nyingine ambayo kila mwalimu wa Kiswahili angeijua, maana ina mwisho kama wa hadithi fupi. Mwaka 1983 Bi Hawa Mohamed alifika Mahakama ya Rufani, mbele ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, akidai sehemu ya nyumba ya ndoa baada ya talaka yake na Ally Sefu. Yeye alikuwa mama wa nyumbani. Swali lilikuwa: kupika, kufua na kulea ni mchango kwenye mali ya familia? Mahakama ikasema ndiyo, kazi za nyumbani ni mchango. Ila Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba, kwa sababu mahakama iliona kwamba alitapanya fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi. Rufaa yake ilikataliwa, na kanuni iliyotokana nayo ikabaki, na wanawake waliokuja nyuma yake wameitumia. Yaani Bi Hawa alifungua mlango akabaki nje, wenzake wakapita.

Sogea tukae

Msomaji anaweza kusema haya ni mambo ya vitabuni na mahakamani, sisi tuko chuo. Haya, tuje chuo. Wangapi hapa wanaishi sogea tukae? Mwananyamala, Tandika, Kigamboni, mitaa yote hiyo ina nyumba zenye wanachuo wanaoishi kama mke na mume. Kwenye mkataba wa chumba kuna jina la mmoja. Godoro alinunua mmoja. Boom likitoka linaingia kwenye mfuko mmoja "tupange maisha". Hakuna barua ya posa wala cheti, lakini neno la mwisho tayari lina mwenyewe.

Mwaka jana usiku wa saa nne dada mmoja wa kozi yetu aligonga mlango wa hosteli yetu na begi. Hakusema mengi. Mwenzangu wa chumba alisogea kitandani, akambeba kwa zaidi ya wiki mbili mpaka alipopata pa kukaa. Kubebana tunakufanyia utani, tunakuona ni shida ya vitanda. Usiku ule kitanda kile cha futi mbili na nusu kilikuwa chumba cha Mwajuma.

Na kwa wanaodhani sogea tukae haina uzito wowote: kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa kinasema mwanamume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi, na jamii ikawatambua kama mke na mume, kuna dhana kwamba wameoana, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kwa hiyo kabla ya kusogea, ulizaneni mapema. Jina la nani liko kwenye mkataba? Nikiondoka leo usiku, nina nauli? Nina mtu? Anayekupenda hatakasirika kuulizwa.

Namna ya kufundisha

Kwa wenzangu mtakaokwenda TP, sisemi mlitupe desa. Mtihani upo na wanafunzi wanatakiwa kufaulu. Ila kabla ya kuandika "amechorwa kama", toeni dakika ishirini kwa kazi hii.

Gawa darasa katika makundi, kila kundi lipewe mhusika mmoja wa kike. Kundi lijibu maswali manne kwa ushahidi kutoka kitabuni. Nani alikuwa na neno la mwisho katika nyumba ile? Mhusika aliulizwa lini, na nani, kabla ya jambo kubwa kuamuliwa? Angetoka kesho asubuhi, angefikia wapi na angekula nini? Aliyempokea alitaka malipo gani?

Makundi yakishajibu, ndipo waambie waandike nafasi ya mhusika huyo katika jamii. Utaona wenyewe wanaanza kubishana na orodha. Mbagala kundi moja liligoma kabisa kuandika kwamba Sekai ni mama na mlezi tu, wakasema mama na mlezi asiye na pa kwenda angekuwa amemzika Takadini siku ileile. Hoja hiyo sijaiona kwenye desa lolote, na kwa kadiri ninavyojua usahihishaji, ina alama zake zote.

Yule msichana wa dawati la nyuma, mwisho wa kipindi, aliniomba hadithi ya Louise imeandikwa kwa Kiswahili. Nilimwandikia kurasa mbili kwa mkono kwenye karatasi za daftari. Kama kuna wengine humu wenye hadithi fupi za namna hii, za kwetu au za nje, tukae tuzisimulie kwa Kiswahili na kuzikusanya. Shule za kata hazina vitabu vya kutosha, lakini sisi tuna kalamu, na kuna madarasa yanayosubiri kuulizwa.